Jeni ya 72: jinsi kihisio cha mguso kilivyopatikana

Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko San Francisco ilipata kipokezi cha ukali wa pilipili kwa njia nadhifu sana. Jeni za neva ziliingizwa katika seli zisizoshtuliwa na pilipili, seli zikamwagiwa kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, kisha ikatafutwa ile iliyoshtuka. Maelfu yalipimwa kwa mkupuo. Kwa mguso njia hiyo haikufaa. Shinikizo halimwagwi: kila seli lazima isukumwe peke yake na mkondo wake wa umeme upimwe peke yake. Ndiyo maana mguso ulisubiri hadi 2010.

Walioufumbua ni Ardem Patapoutian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut, na Bertrand Coste, katika taasisi ya Scripps, California. Walikuwa na kidokezo kimoja kikubwa: ukisukuma neva ya hisi, mkondo wa umeme huanza ndani ya milisekunde chache. Kasi hiyo haitoi nafasi kwa kemikali kupokezana ujumbe. Lazima kuwe na protini kwenye utando wa seli inayofunguliwa na nguvu yenyewe na kuruhusu ioni zipite.

Uamuzi wao wa kwanza, ambao kwangu ndio uliobeba kazi nzima, ulikuwa kuziacha neva kwanza. Neva za hisi ni za aina nyingi, na ni vigumu kuzipata kwa wingi. Wakapima seli zinazozalishwa maabara, aina moja baada ya nyingine, wakitafuta inayojibu msukumo. Neuro2A, zitokanazo na uvimbe wa neva wa panya, zilijibu vizuri. Bomba jembamba la kioo lilipima mkondo. Bomba la pili, lenye ncha butu, liliisukuma seli kwa mikromita chache tu.

Baada ya hapo walipanga orodha. Walichagua jeni zinazofanya kazi kwa wingi katika Neuro2A na zinazotengeneza protini inayopita kwenye utando angalau mara mbili, iwe ni mfereji wa ioni unaojulikana au protini ambayo kazi yake haijulikani. Zikabaki 72. Coste alizinyamazisha moja moja kwa vipande vifupi vya RNA, kila mara akizisukuma seli upya na kupima. Moja haikubadilisha kitu, ya pili vivyo hivyo, na hivyo hivyo hadi mwisho wa orodha. Ilipozimwa ya 72, mkondo ulififia. Jeni hiyo ilikuwa na jina la rejista tu, Fam38A. Wakaiita Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki la shinikizo, na ndugu yake wakamwita Piezo2.

Hapa mchambuzi anapaswa kuwa mkali. Kuzima jeni na kuona mkondo umepotea hakuthibitishi kwamba jeni hiyo ndiyo kihisio; huenda inasaidia tu kihisio kingine kufika kwenye utando. Kwa hiyo waligeuza jaribio: wakaiingiza Piezo1 katika seli za figo za binadamu, HEK293, na mkondo mkubwa ukatokea. Hata hapo mtu angeweza kudai kwamba seli hizo zina mtambo wao uliolala. Jibu lilikuja 2012, protini iliposafishwa na kupachikwa kwenye utando bandia usio na protini nyingine, nayo ikapitisha ioni. Mfereji ulikuwa Piezo yenyewe. Baadaye ilibainika kwamba HEK293 zina Piezo1 yao kidogo, na maabara zikalazimika kutengeneza seli ambazo jeni hiyo imefutwa kabisa. Marekebisho hayo hayakuangusha ugunduzi, lakini yaliokoa tafiti zilizofuata zisihesabu mkondo wa mwenyeji kama wa mgeni.

Umbo lilianza kuonekana 2015 kwa hadubini ya elektroni: protini tatu zilizokaa kama mapanga ya pangaboi, zikipinda na kuuvuta utando uingie ndani. Utando ukitanuka, mapanga hunyooka na tundu la katikati hufunguka. Kalsiamu na sodiamu huingia.

Piezo1 ipo pia katika seli nyekundu za damu, zinazobanwa kila zinapopita kwenye mishipa myembamba. Kalsiamu ikiingia, potasiamu na maji hutoka na seli husinyaa. Badiliko liitwalo E756del, linalochelewesha mfereji kufunga, hupatikana kwa takribani theluthi ya watu wenye asili ya Afrika. Katika jaribio la maabara lililochapishwa 2018, vimelea vya malaria viliambukiza kwa shida damu yenye badiliko hilo.

Lakini kihisio cha mguso katika neva ni yule ndugu, Piezo2. Ushahidi wake unaonigusa zaidi ulitoka Marekani mwaka 2016, kwa wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Macho yakiwa wazi waliweza kutembea. Yalipofunikwa waliyumba na kuanguka, na kidole chao kiliposogezwa na daktari hawakujua kimeelekezwa juu au chini.