Mkato wa Taharuki na Hatima Wazi: Mfano wa Shetani Msalabani

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, istilahi ya taharuki imebebeshwa mzigo mzito. Aghalabu hutumiwa kwa kila hali inayomfanya msomaji atamani kujua kitakachofuata, pasipo kupambanua ni nani anayelizuia jibu, na kwa nini. Makala haya yanakusudia kuitenga aina moja, itakayoitwa hapa mkato wa taharuki: pale hadithi inayotolewa kwa sehemu inapokatizwa kwenye kilele cha tukio, hadhira ikaachwa ingoje. Shetani Msalabani (1982) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwanza kwa Kikuyu mwaka 1980, haikuandikwa kwa mfululizo. Lakini ndiyo inayouonyesha vyema mpaka wa dhana hii.

Mapema katika maisha yake, Warĩnga aliishi Nakuru kwa mjomba wake. Huko alirubuniwa na Mzee Tajiri wa Ngorika, akapata mimba, akatelekezwa, hata akajaribu kujiua. Mwishoni anarudi huko huko pamoja na mchumba wake, Gatuĩria, ili atambulishwe kwa wakwe. Hapo ndipo inapobainika kwamba baba mkwe ndiye yule mzee. Utambulisho huu umefichwa kwa muda mrefu, nao ni taharuki kwa maana yake ya kawaida. Hata hivyo, si mkato. Jibu limo ndani ya kitabu kile kile. Msomaji hana zaidi ya kufunua kurasa.

Mkato halisi ulitokea nje ya maandishi. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anaeleza jinsi riwaya hii ilivyosomwa kwa sauti majumbani, ndani ya magari ya abiria na katika baa. Msomaji wa baa alipofika penye utamu na kuona bilauri yake i tupu, alikiweka kitabu chini. Wasikilizaji wakaagiza aletewe kinywaji, naye akaendelea. Mwandishi hakukata hapo. Fanani ndiye aliyekata. Shehrazadi wa Alfu Lela Ulela alifanya vivyo hivyo kila alfajiri, ila yeye alikuwa akinunua uhai wake.

Mifano hii inadhihirisha masharti matatu. Kwanza, pawe na swali mahususi la kimatukio. Pili, pawe na kikatizo kisichoweza kurukwa na hadhira. Tatu, pawe na ahadi kwamba jibu lipo na litatolewa. Thomas Hardy alipochapisha A Pair of Blue Eyes jaridani kati ya 1872 na 1873, akimwacha Henry Knight amening'inia kwenye jabali, muda wa kungoja toleo lijalo ulifanya kazi ya bilauri tupu. Tofauti ni kuwa mwandishi wa mfululizo huipanga kiu hiyo kabla.

Kwa vigezo hivi, hatima ya riwaya haihesabiki. Warĩnga anampiga mzee risasi na kumwua, kisha anaondoka. Gatuĩria anabaki amesimama, asijue la kutenda. Yaweza kudaiwa kwamba huu ni mkato, kwa kuwa msomaji hajui kama Warĩnga atakamatwa. Dai hilo linakidhi sharti la kwanza pekee. Hakuna sehemu iliyoahidiwa, wala fanani anayelizuia jibu. Isitoshe, hata kama sura nyingine ingeongezwa kueleza kukamatwa kwake, swali zito lingesalia: Gatuĩria, msomi aliyesimama kati ya mali ya baba yake na haki ya mchumba wake, atachukua upande gani?

Kuiita hatima hiyo mkato wa taharuki ni kuligeuza swali la kimaadili kuwa kiu ya kutulizwa kwa sehemu ijayo. Katika mkato, hadhira inamdai msimulizi. Katika hatima ya Ngorika, msimulizi amekwisha kulipa, na deni limehamia kwa hadhira.