Barua ya Daktari, Ukimya wa Mgonjwa

Katika toleo hili tunahakiki kipindi kimoja cha tamthilia ya runinga ya Kimarekani, Star Trek: Enterprise. Kipindi chenyewe kinaitwa "Dear Doctor", na kilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2002. Wapo watakaouliza bunilizi za kisayansi zina uhusiano gani na Idara ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba swali la kipindi hiki lilikwisha kuulizwa Tororo na Busia, tena juu ya watu halisi.

Kisa ni hiki. Wavalakia wanateketea kwa ugonjwa usio na tiba, nao wanaomba msaada kwa chombo cha anga cha Nahodha Archer. Daktari wa chombo, Phlox, anagundua kuwa ugonjwa ni wa kurithi, na tiba anaipata. Kisha anasita. Katika sayari hiyo ipo jamii nyingine, Wamenki, wanaoishi chini ya Wavalakia, na anahisi maumbile yanaitengenezea njia. Archer anakubali. Wavalakia wanaachiwa dawa ya kutuliza dalili kwa takriban miaka kumi, chombo kinaondoka.

Kifani, kipindi kimesukwa kama barua ambayo Phlox anamwandikia daktari mwenzake. Ufundi huo unavutia, nao ndio kasoro yake kubwa. Kwa kuwa msimulizi ni daktari, tunasikia uchungu wa dhamiri yake kuliko uchungu wa mgonjwa. Hata hoja yake ni dhaifu: mageuko ya viumbe hayana nia wala ratiba. Sauti ya upole inaifunika.

Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alidai kuwa Waafrika wengi hawajui saa, hivyo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, zinazomezwa kwa wakati maalumu, zingewashinda. Huyo hakuwa mhusika wa kubuni. Kuanzia 2003, katika vijiji vya Tororo, Busia na jirani zake, mradi wa CDC na TASO uliwapelekea wagonjwa dawa hizo nyumbani kila wiki. Waliozipeleka hawakuwa madaktari, na walizipeleka kwa pikipiki (nasi tunaotoka mpakani, kulikozaliwa bodaboda, hatukushangaa). Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: vifo vilipungua kwa asilimia 95 vikilinganishwa na kipindi cha kutotibiwa.

Hata hivyo, mradi huo nao ulikuwa na fumbo lake la kimaadili. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu, na kundi moja lilifuatiliwa kwa dalili tu, bila vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ugonjwa mzito au kifo vilitokea zaidi katika kundi hilo. Kwa maoni yetu, hapa pana tamthilia nzito kuliko ya Phlox, na bado hatujaiona ikiandikwa kwa Kiswahili.

Baada ya kutazama kipindi, tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kuandika barua upya, safari hii mwandishi awe Mvalakia. Wengi waliandika laana. Mmoja, mzaliwa wa Busia, alianza kwa kuuliza kama ile miaka kumi inahesabiwa tangu siku chombo kilipoondoka, au tangu siku dawa itakapofika kijijini kwao.