Kuijua Bei Njema ya Herufi za Vinaili Kiooni

Tajiri mwenye duka anapopokea makadirio ya fundi wa kumbandikia herufi za vinaili katika vioo vya mbele, macho yake aghalabu hukimbilia jumla iliyoandikwa chini, naye huifanya jumla hiyo kuwa kipimo cha pekee cha kumkubali fundi au kumkataa. Ilhali mjuzi wa kazi hii huanza kusoma juu, akitafuta yaliyotajwa na yaliyoachwa, kwa sababu ustadi wa fundi, na hata uaminifu wake, hudhihirika katika waraka ule kabla plota haijakata herufi ya kwanza.

Kosa lililoenea mno ni kuipima kazi yote kwa mita za mraba, kana kwamba fundi anauza kitambaa. Hesabu hiyo yafaa kwa bango lililochapwa, ambalo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na mashine. Kwa herufi zilizokatwa moja moja inadanganya. Tuchukue duka la dawa ambalo jina lake lina herufi 10 zenye kimo cha sentimita 20, zilizoenea urefu wa mita 1.8, na chini ya jina hilo kuna orodha ya huduma na saa za kazi, mistari 12 yenye herufi 20 kila mmoja, kimo chake sentimita 2. Jina litakula vinaili ya mita ya mraba 0.36, na orodha haitazidi 0.11, yaani haifiki hata thuluthi. Basi mwenye kuhesabu kwa mraba ataiuza orodha kwa chini ya thuluthi ya bei ya jina. Lakini orodha ile ina herufi 240, na baada ya plota kumaliza kazi yake ni lazima fundi aketi na kibano mkononi, ang'oe vinaili yote isiyotakiwa baina ya herufi na ndani ya kila a, e na o, akijihadhari herufi isinyanyuke pamoja na mabaki, kwani ikinyanyuka na kujikunja hukatwa upya. Kwa hiyo makadirio yanayotenga ujira wa maandishi makubwa na ujira wa maandishi madogo yana dalili ya kwanza ya insafu. Na yasiyotenga, hata yakiwa rahisi, yametoka kwa mtu ambaye ama hajaijua kazi, ama atakuja kuifanya kwa haraka ili asipate hasara.

Dalili ya pili ni kutajwa kwa aina ya vinaili. Ziko mbili kuu: ile inayotandazwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, nyembamba ya kiasi cha mikroni 50, ambayo hutulia katika umbo lake, na ile inayopitishwa baina ya rola zenye moto zikaibana na kuivuta, ambayo kwa kawaida ni nene zaidi, na ambayo, kwa kuwa ilivutwa, hutaka kurudi ilikotoka. Hii ya pili, hasa ya daraja la chini, ikikaa juani husinyaa, ikaacha ukingoni mwa herufi mstari mwembamba wa gundi tupu unaonasa vumbi. Na mwenye jicho akipita mbele ya duka ambalo herufi zake zimezungukwa na mstari huo wa weusi, hutambua mara moja palipofanyiwa ubahili. Hata hivyo nasema kwa yakini kwamba si haki kumuuzia tajiri vinaili ghali kwa tangazo la sikukuu la mwezi mmoja katika kioo kilichonyooka. Fundi mwadilifu huuliza kwanza maandishi yatakaa muda gani, kisha huandika aina aliyoichagua na sababu yake.

Tatu, kioo chenyewe. Herufi kuukuu zilizochomwa na jua kwa miaka hung'oka vipande vidogo vidogo, nazo zahitaji joto na wembe, kisha gundi iliyobaki huondolewa kwa dawa yake, na kazi hiyo yaweza kumeza muda mwingi kuliko kubandika mpya. Nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Pia kioo kipanguswe vema kwa spiriti, maana mafuta na nta za kusafishia huizuia gundi isishike. Makadirio yasiyosema kama fundi alikwenda akaona, akapima kwa mkono wake, akajua kama panahitajika ngazi au jukwaa, ni ya kubahatisha.

Mwisho liko jambo lisiloonekana katika risiti yoyote, nalo ni jicho. Herufi za kusomwa vizuri kutoka mita 3 zataka kimo cha sentimita 2.5 hivi, na za kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 30, zataka sentimita 25. Tena kompyuta ikiachwa peke yake huweza kuacha baina ya A na V mwanya mkubwa ambao mafundi hodari wa brashi wasingeuvumilia. Muda wa kuyasawazisha hayo mezani ni kazi, nao wastahili malipo yake. Vilevile usafiri, kodi, na kiwango cha chini cha ujira kwa kazi ndogo, kwa mfano ya mlango mmoja Kigamboni inayomlazimu fundi kungoja pantoni kwenda na kurudi, viandikwe waziwazi bila ya haya.

Nawe fundi, mpelekee tajiri mchoro wenye vipimo pamoja na bei, asome kila jina na kila nambari ya simu, atie sahihi na kukulipa arubuni. Kisha ndipo uwashe plota, kwa kuwa vinaili iliyokwisha kukatwa kwa tahajia yenye kosa haiwezi kutumika tena.