Mfalme Edipode Mezani Petu: Kinaya Husikika Tamthilia Ikisomwa kwa Sauti

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa kinaya ni nini, hujibu bila kusita: ni hali ambapo mambo huwa kinyume na yalivyotarajiwa. Mwambie aonyeshe jinsi kinaya kinavyofanya kazi katika onyesho moja, hunyamaza. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro haiko katika fasili bali katika usomaji. Tamthilia tunazisoma kimya, kila mtu peke yake, ilhali ziliandikwa zisikike mbele ya watu.

Mfano wangu ni Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles, Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Ilifasiriwa na Samuel Mushi, aliyefasiri pia Makbeth na Tufani za Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1971. Likizo moja ya Aprili nilikuwa na nakala moja tu, kuukuu, na nyumbani waliitaka wawili: binti yangu wa Kidato cha Tatu na mdogo wake wa Gredi ya Sita. Ikabidi tuisome kwa sauti baada ya chajio, mvua ya Kericho ikipiga mabati. Kila mtu alipewa mhusika. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kogo, hakusoma. Mume wangu alimfafanulia kwa Kipsigis. Yeye ndiye aliyekuwa hadhira yetu bora.

Kinaya na ujuzi wa hadhira

Tauni imeingia Thebes. Mimea inakauka, mifugo inakufa, wanawake hawazai salama. Apollo anasema muuaji wa mfalme Laius yumo mjini na sharti aondolewe. Edipode anamlaani muuaji huyo hadharani, na kuapa kumpigania Laius kana kwamba ni baba yake mzazi.

Hapo kijana wangu aliruka kitini: "Lakini ni babake kweli!" Nilikuwa nimewasimulia kisa kizima kabla ya kuanza, kwa kuwa Waathene nao walikijua kabla ya kuketi kutazama. Kinaya cha tamthilia hii kimejengwa juu ya pengo hilo: hadhira inajua, mhusika hajui. Mwalimu anayeficha mwisho wa hadithi ili darasa lisubiri kwa taharuki huondoa nguzo ya kazi hii.

Teiresias na orkoiyot

Mtabiri kipofu, Teiresias, anapotaja ukweli, Edipode anamshutumu kwamba amenunuliwa na Creon. Kogo alicheka bila furaha, akasema: "Mtu akikuambia usilotaka kusikia, unasema amehongwa."

Katika nchi hii ya chai, maneno hayo yana historia. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni weupe na nyoka wa chuma, yaani reli. Watu wake mwenyewe walimuua yapata mwaka 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwanawe, Kipchomber arap Koilege, alikimbilia kwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa watabiri hao, Kericho. Wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Hata hivyo, mtahiniwa asilinganishe kijuujuu. Orkoiyot alikuwa na mamlaka, na baraka yake ilitafutwa kabla ya vita. Teiresias anaongozwa njiani na mtoto, na silaha yake ni ukweli tu. Kinachofanana ni tabia ya wenye nguvu na ya umma: habari ikiuma, hushikwa aliyeileta.

Wachungaji wawili

Wasomaji wengi huona ni sadfa mno kwamba mchungaji wa Thebes alimkabidhi mtoto mchungaji wa Korintho. Kogo hakushangaa. Alipoambiwa kwamba wawili hao walilisha pamoja kwenye mlima wa Cithaeron kwa misimu mitatu, miezi 6 kila msimu, alisema, "Hiyo ni kaptich," yaani kambi ya mifugo mbali na nyumbani. Watu hukutana malishoni na kuaminiana. Ploti iliyoonekana dhaifu ikapata mashiko.

Je, Edipode ana dosari gani?

Miongozo mingi hujibu: hasira na majivuno. Dalili zipo, lakini jibu hilo halitoshi. Watu watatu wanamzuia asiendelee kuuliza: Teiresias, Jocasta na mchungaji mzee. Anawashinda wote. Kinachomfikisha kwenye maangamizi ni ile sifa iliyomfanya mfalme, yaani kutoridhika mpaka fumbo lifumbuliwe. Aidha, maovu hayakuzaliwa na ukatili peke yake. Mchungaji aliagizwa amtupe mtoto mlimani, akamhurumia.

Tulipofika hapo binti yangu aliuliza, "Mama, kwa hivyo alikosea kumhurumia?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mume wangu alimtazama mamake. Kogo alikaa kimya kitambo, kisha akasema mtoto mchanga hatupwi, hata kama mwisho ni huo. Binti yangu alilifuta jibu alilokuwa ameandika daftarini, "Edipode aliadhibiwa kwa kiburi", akaanza upya.

Hitimisho

Sophocles hasemi nani wa kulaumiwa, na mtahiniwa asijifanye anajua. Aeleze uzito wa kila upande kwa ushahidi wa maneno na matendo. Mwalimu mwenye nakala moja asikate tamaa: asimulie kisa kwanza, agawe wahusika, asome kwa sauti, na amwalike mtu mzima ambaye hajawahi kufanya mtihani wa fasihi. Mbinu hii inafaa pia kwa tamthilia zilizoteuliwa kutahiniwa.

Maswali ya marudio

1. Onyesha jinsi laana ya Edipode inavyojenga kinaya.
2. "Huruma ndiyo chanzo cha msiba." Jadili ukirejelea mchungaji na Jocasta.
3. Linganisha nafasi ya Teiresias na ya mtabiri yeyote unayemjua katika jamii yako.