Pete ya Sonara

Jirani yangu hapa Visiga alipoiona pete yangu aliniuliza, "Dada, umeinunua au umeitengenezesha?" Nikajibu, kwa majivuno kidogo, kwamba ni kazi ya sonara. Tangu siku ile nimekuwa nikiyachunguza majivuno yale.

Pete hii ilikuwa nusu ya bangili ya marehemu mama. Tulibaki mabinti wawili na bangili moja. Tukaishika barabara ya Morogoro mpaka Kariakoo. Sonara aliipima bangili kwenye mizani mbele ya macho yetu, akapima na vidole vyetu, kisha akauliza tunataka mtindo gani. Tukamwonyesha picha ya pete ya dukani, iliyokuwa kwenye simu.

Hapo ndipo ninapotukosoa. Husemwa kwamba raha ya kutengenezesha ni kuwa na kitu ambacho mwingine hana. Mbona basi wengi wetu humwendea fundi na picha ya kitu cha mwingine? Tunamlipa kwa ufundi wake, kisha tunamfunga mikono.

Sonara simlaumu. Dhahabu safi, ya karati 24, ni laini mno kwa mkono wenye kazi. Yeye ndiye ajuaye kuichanganya na shaba au fedha, hata ile ya karati 18, yenye robo tatu tu ya dhahabu, ikang'aa vilevile. Pete yangu haibani wala haipwayi, na za dukani hazikunipa raha hiyo kamwe. Tena, bila ya moto wake, mmoja wetu angetoka mikono mitupu.

Lakini bangili ile ilikuwa na kibonyeo kidogo, mahali ilipogonga kinu miaka nenda miaka rudi. Hatukumwambia sonara, naye angejuaje? Dhahabu ikiyeyuka haikumbuki kitu. Laiti tungesema, huenda angetutilia alama ile katika kila pete.

Kwa maoni yangu, uzuri wa kutengenezesha haumo katika upekee wa kitu, bali katika kuulizwa; na anayeulizwa yampasa awe na jibu lake mwenyewe. Sisi tuliulizwa, tukaazima jibu.

Juzi nilimkuta mdogo wangu akitwanga, pete i kidoleni. Nilitaka kumwambia aivue, isije ikabonyea. Nikanyamaza.