Picha ya Nyumbani kama Ukumbusho: Uhakiki wa Upigaji Picha wa Kifamilia katika Fizi na Baraka

Utangulizi

Picha za Fizi zinazojulikana nje ya Kongo ni picha za vita. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akatua Kibamba, na kwa takriban miezi saba akaishi na wapiganaji katika milima inayolitazama ziwa. Moja kati ya picha zilizobaki za safari ile inamwonyesha amempakata mtoto mdogo. Imechapishwa mara nyingi, na kwa kawaida maelezo yake humtaja mwanamume huyo kwa jina, ilhali mtoto huitwa mtoto wa Kikongo, basi. Picha hiyohiyo, kama ingetundikwa ukutani kwa wazazi wa mtoto, ingekuwa picha ya mtoto wao akiwa amebebwa na mgeni.

Tofauti kati ya masomo hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya. Yanakusudia kuonyesha kwamba picha ambazo watu wa Fizi na Baraka hupigana wao kwa wao, kwa kujifurahisha pamoja na jamaa na marafiki, ni utanzu wenye kanuni zake. Kwamba jina sahihi la utanzu huo tayari limo katika Kiswahili, nalo ni ukumbusho. Na kwamba uhakiki unaotazama sura peke yake, bila majina na maneno yanayoizunguka picha, huikosa maana yake.

Kivu machoni pa dunia

Kongo iliingia mapema katika historia ya picha zinazotikisa dhamiri. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa wakati wa utawala wa Mfalme Leopold II. Kwa umbo ni picha ya baba na mwana. Kwa maudhui ni familia iliyokwisha kuvunjwa. Picha hiyo ilisaidia kuamsha upinzani dhidi ya utawala huo, na thamani yake haipingiki. Lakini pia iliweka mfano: Mkongo aonekane duniani pale tu anapokuwa ushahidi wa maafa.

Huko Fizi kwenyewe, wataalamu wa kikoloni na wa baadaye walikuja na kamera zao. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Wabembe mwishoni mwa miaka ya 1940, aliacha maandishi mengi kuhusu sanaa na jamii za eneo hili. Kisha zikaja picha za uasi wa 1964 na 1965, na baada ya 1996 picha za wakimbizi.

Katika miaka ya karibuni Richard Mosse, msanii wa Ireland, alijaribu njia nyingine. Alipiga picha mashariki mwa Kongo kwa filamu ya Kodak Aerochrome, ambayo ilitengenezwa kwa matumizi ya kijeshi, ili kumfichua adui aliyejificha chini ya majani. Katika filamu hiyo kijani cha mimea hugeuka waridi. Kazi yake ilionyeshwa Venice mwaka 2013 na ikazua mjadala mkubwa. Mosse alitaka kuvuruga mazoea ya mtazamaji aliyechoshwa na picha za vita, na kwa kiasi fulani alifaulu. Hata hivyo, udhaifu wa kazi hiyo unatokana na nguvu yake. Mtazamaji anaondoka akiikumbuka rangi kuliko mtu. Milima ambayo mkaazi wa Kivu huijua kwa majina ya mito na mashamba yake inageuka kuwa nchi ya ndoto, na ndoto hiyo si ya mwenyeji.

Neno na dhana

Kiswahili cha Kongo kina maneno mawili ya kitu hiki: foto, lililopitia Kifaransa, na picha, linalotawala ng'ambo ya ziwa. Yote mawili huchukua kitenzi kimoja, kupiga. Lakini neno linaloeleza kazi ya picha ni ukumbusho.

Muundo wa neno hili unafaa kuangaliwa. Kutokana na kumbuka tunapata kumbukumbu, yaani kile kinachobaki akilini au kilichohifadhiwa. Kutokana na kumbusha, kitenzi cha kusababisha, tunapata ukumbusho: kitu kinachomfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu yaweza kukaa kimya sandukuni. Ukumbusho hautimii mpaka awepo anayekumbushwa.

Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika makala yao ya mwaka 1976 kuhusu michoro ya rangi iliyopendwa na watu wa Shaba, ambayo baadaye ilirudia jina la Katanga, walionyesha kwamba wachoraji na wanunuzi walilitumia neno hili kueleza kazi ya michoro iliyotundikwa sebuleni. Mchoro ulithaminiwa kwa uwezo wake wa kuamsha mazungumzo juu ya mambo yaliyowapata watu. Hoja yao ilihusu michoro, lakini inaihusu picha ya kamera vilevile. Picha ya nyumbani haimpi mtazamaji habari mpya. Humrudisha kwenye habari anayoijua, au humlazimu anayeijua aisimulie kwa asiyeijua.

Fani: mkao, mavazi na siku

Mhakiki aliyezoea kusifu picha ya ghafla, iliyomnasa mtu pasipo yeye kujua, ataiona picha ya nyumbani kuwa ngumu na ya kujirudia. Watu wamesimama wima, wanatazama kamera, na mara nyingi hawacheki. Wazee wameketi, vijana wako nyuma yao, watoto wako mbele. Mikono ya mama imetulia juu ya kitenge.

Huo si upungufu wa ustadi. Mpangilio wa waliosimama na walioketi ni kauli kuhusu heshima na ukoo. Atakayeitazama picha atajua nani mkubwa, nani mgeni, nani ameolewa na nani. Kutazama kamera ni kumtazama atakayeipokea picha, pengine ndugu aliye Uvira, Kigoma au mbali zaidi. Kwa hiyo mtu haonyeshwi alivyo siku zote. Anaonyeshwa jinsi anavyotaka kukumbukwa, na amekubali mwenyewe.

Siku za kupigwa picha nazo zina utaratibu wake: arusi, ubatizo, Krismasi na Bonane, Idi kwa familia za Kiislamu. Machi 8, Siku ya Wanawake, akina mama hushona vitenge vya sare, na siku bila picha huonekana haikukamilika. Matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, waliofaulu humwagiwa unga mweupe kichwani na usoni. Picha ya kijana aliyepakwa unga, akizungukwa na wenzake wanaopiga kelele, ni mojawapo ya picha chache ambamo kanuni ya kutulia huvunjwa kwa makusudi. Hapo furaha imepewa ruhusa.

Ulinganisho na pwani unasaidia. Katika mji wa Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, aliunganisha vipande vya picha mbalimbali, akamweka mteja wake ndani ya ua au karibu na vitu ambavyo havikuwepo mbele ya kamera. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliwasimamisha abiria mbele ya mapazia yaliyochorwa miji na ndege. Kote huko picha haikudai kuwa kioo. Ilikuwa matakwa. Mosse naye hubadili kilicho mbele ya kamera, lakini kwa Bakor na kwa mafundi wa Likoni mabadiliko yalifanywa kwa ajili ya anayepigwa picha. Kwa Mosse yanafanywa kwa ajili ya mtazamaji wa mbali. Hapo ndipo tanzu hizi mbili zinapoachana.

Albamu kama onyesho

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliiweka sanaa ya maonyesho juu ya nguzo nne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Utazamaji wa albamu una nguzo zote nne.

Mgeni anapofika na chakula hakijaiva, hupewa albamu. Uwanja ni sebule au mkeka chini ya mwembe. Mtendaji ni mwenye nyumba, mara nyingi mama au binti mkubwa, anayeketi kando ya mgeni na kufuata kila ukurasa kwa kidole. Dhana inayotendeka ni ukoo wenyewe. Watazamaji hawanyamazi: mmoja anasahihisha mwaka, mwingine anapinga kwamba kikwembe kile kilikuwa cha kuazima, shemeji anachokozwa kwa utani kwa sababu ya suruali pana aliyovaa, na kila mtu anacheka. Kisha ukurasa unafunuliwa, sauti inashuka, na jina la marehemu linatajwa.

Mabadiliko hayo ya sauti, kutoka utani hadi maombolezo na kurudi tena, hayamo katika karatasi. Yamo katika usimulizi. Mtafiti anayenakili picha za albamu bila kurekodi masimulizi yake anafanya sawa na mtu anayeandika tarehe ya ngano na kuiacha ngano yenyewe.

Roland Barthes aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha. Aliieleza kwa kirefu picha ya mama yake alipokuwa mtoto, lakini akakataa kuichapisha, kwa kuwa kwa msomaji ingekuwa picha ya kawaida tu. Alichokiona Barthes kama siri ya mtu mmoja, familia ya Baraka hukitenda kama shughuli ya wengi. Mgeni hawezi kuiona picha kama mwana wa nyumba anavyoiona, lakini anaweza kusimuliwa, na kwa kusimuliwa anaingizwa nyumbani.

Upande wa nyuma wa picha nao ni sehemu ya matini. Huko huandikwa jina, mahali, tarehe, na mara nyingi neno la kumkabidhi mwenzake ukumbusho huo. Ni barua fupi kuliko zote, na bado haijapata mhakiki wake.

Kinachofichwa na kinachopotea

Ni kosa kuitukuza picha ya nyumbani kupita kiasi. Pierre Bourdieu na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa Ufaransa mwaka 1965, walieleza kwamba familia hupiga picha siku zake kuu ili kujithibitishia umoja wake. Hoja hiyo inakubalika hata Fizi. Albamu haina picha ya ugomvi wa shamba, wala ya mke aliyerudishwa kwao, wala ya siku ya njaa. Aliyekosa nguo nzuri husimama nyuma au hasimami kabisa. Umoja unaoonekana ni umoja uliopangwa.

Lakini Bourdieu aliandika kuhusu jamii ambayo albamu zake zilikaa kabatini kwa amani. Katika Fizi hali ni nyingine. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu ya watu kwenda Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999 raia wengi waliuawa Makobola. Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kupitia Baraka. Wengine hawakurudi, na baadaye wengi walihamishiwa Marekani. Mtu anayekimbilia mtumbwi usiku hubeba mtoto kabla ya albamu. Basi, kwa familia nyingi picha moja iliyosalia ndiyo pekee inayowaonyesha baadhi ya watu wake. Umoja uliopangwa kwa ajili ya kamera hugeuka, baada ya miaka, kuwa ushahidi kwamba watu hao waliwahi kusimama pamoja. Hapa kukosoa udanganyifu wa mkao hakutoshi.

Simu ya mkononi imeleta mwamko na hatari kwa pamoja. Imewatoa watu katika kumtegemea fundi wa studio: binti anaweza kumpiga picha nyanya yake anayeanika ndakala, na picha ikamfikia mjomba aliye ng'ambo kabla samaki hawajakauka. Mambo ya kila siku, yasiyoruhusiwa zamani kuingia albamu, sasa yanaingia. Lakini picha ya simu haina mgongo wa kuandikia. Simu ikiibiwa au ikizama, mamia ya picha hupotea bila hata moja kuwa na jina. Na picha zinapokuwa nyingi mno, hakuna anayeketi kuzisimulia. Kumbukumbu inaongezeka, ukumbusho unapungua.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba picha ya nyumbani ya Fizi na Baraka ni sanaa ya watu wanaojuana, ambayo maana yake hukamilishwa na majina na masimulizi. Kazi inayoikabili taaluma ya Kiswahili iko wazi: kurekodi, kwa idhini ya wenyewe, albamu pamoja na sauti za wanaozisimulia, kukusanya maandishi ya nyuma ya picha, na kuyasoma yote kama matini moja. Wazee waliopigwa picha katika miaka ya 1960 wanazidi kupungua, na kila mmoja anapoondoka baadhi ya sura hubaki bila majina.

Katikati ya miaka ya 1950, kabla ya vita vyake vyote, Guevara aliwahi kujipatia riziki Mexico kwa kupiga picha za familia katika bustani za mji. Kazi ile ilimtaka awakabidhi wateja picha zao. Picha ya 1965 haina dalili ya makabidhiano ya namna hiyo: imezunguka dunia nzima, na mtoto aliyepakatwa bado hana jina.