Mahali pa Kuiweka Nukta

Mwaka 1944 mwanahisabati Paul Turán alikuwa akifanyishwa kazi ya shuruti katika kiwanda cha matofali karibu na Budapest. Matofali yalitolewa kwenye matanuri na kusukumwa kwa vigari vya reli hadi kwenye viwanja vya kuhifadhia, na kila tanuri lilikuwa na njia ya kwenda kila kiwanja. Kusukuma hakukuwa kugumu mpaka reli moja ilipokatiza nyingine. Hapo kigari kiliruka, matofali yakamwagika, na watu wakainama kuyaokota. Turán akajiuliza reli zingepangwaje ili zikatizane mara chache kabisa. Swali lake, kwa idadi yoyote ya matanuri na viwanja, halijapata jibu kamili hadi leo.

Nalitaja mapema kwa sababu wapo wanaodhani kuchora grafu ni kazi ya kurembesha. Mistari inapokatizana kuna gharama, na anayeilipa ni yule anayelazimika kupita pale.

Grafu, kwa wanasayansi wa kompyuta, ni vitu pamoja na mahusiano yake: vitu huwa nukta, mahusiano huwa mistari. Programu kubwa ni grafu ya namna hiyo. Sehemu hii inaiita ile, ile inategemea nyingine, na zote zimetawanyika katika kurasa za msimbo ambazo hakuna kichwa kimoja kinachoweza kuzibeba. Lakini grafu yenyewe haina sura. Haisemi nukta ipi ikae juu na ipi pembeni. Lazima mtu aamue. Nukta kumi tu katika safu moja zinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na nyingi kati ya hizo hazisomeki.

W. T. Tutte, Mwingereza ambaye wakati wa vita alifumbua muundo wa mashine ya siri ya Wajerumani bila kuiona, alitoa kanuni fupi mwaka 1963. Zikaze nukta za ukingoni katika umbo mbinuko, kisha kila nukta ya ndani iweke katikati hasa ya jirani zake. Ikiwa grafu inaweza kuchorwa bila mistari kukatizana, na imeshikamana kiasi kwamba haiachani hata ukiondoa nukta mbili, mistari itatoka imenyooka na hakuna utakaokata mwenzake. Uthibitisho huo naupenda sana.

Programu halisi, hata hivyo, ni nadra kuwa na tabia njema hivyo. Mwaka 1984 Peter Eades wa Australia alipendekeza tuifikirie kila nukta kuwa pete ya chuma na kila mstari kuwa springi. Springi huvuta zilizo mbali mno na kusukuma zilizokaribiana mno, na nukta zisizounganishwa husukumana. Uachie mfumo huo, nao utayumba mpaka utulie, kama wageni wa harusini wanaojipanga wenyewe kwenye mkeka: wanaojuana hukaa pamoja, lakini kila mmoja hutaka nafasi ya magoti yake. Eades aliilenga mbinu hiyo kwa grafu ndogo, za nukta zisizozidi 30 hivi. Wengine wameipanua tangu hapo, na kinachonistaajabisha ni kwamba ulinganifu uliojificha ndani ya data hujitokeza bila kuamriwa.

Kwa programu ambazo utegemezi wake una mwelekeo, Kozo Sugiyama na wenzake wawili nchini Japani walikuwa wameshaonyesha njia nyingine mwaka 1981: panga nukta kwa matabaka, mishale yote ielekee chini, kisha sogeza nukta ndani ya kila tabaka ili kupunguza makutano. Hatua hiyo ya mwisho ni ngumu hata kwa matabaka mawili tu, kwa hiyo fundi huridhika na makadirio mazuri.

Lakini nani alisema makutano ndiyo adui? Kwa muda mrefu ilikuwa imani tu, mpaka Helen Purchase, akiwa Chuo Kikuu cha Queensland, alipoamua kuwauliza wasomaji wenyewe. Aliwapa watu grafu ileile iliyochorwa kwa namna mbalimbali na kuwataka watafute, kwa mfano, njia fupi kati ya nukta mbili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1997 yaliweka kupunguza makutano mbele kwa mbali sana. Mipindo na ulinganifu vilikuwa na uzito mdogo zaidi. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenye heshima kuliko zote katika taaluma hii, maana ilimpa msomaji neno la mwisho.

Halafu kuna suala la wakati. Programu haitulii, leo inaongezwa sehemu, kesho nyingine inafutwa. Algoriti ikiichora upya kila mara, kila kitu kinaruka mahali pake, na mhandisi aliyezoea kuona hifadhidata upande wa kushoto anaanza kuitafuta tena. Mwaka 1995 Eades na Sugiyama, pamoja na Kazuo Misue na Wei Lai, waliandika kwamba ramani iliyomo akilini mwa msomaji inastahili kulindwa: kilichokuwa kushoto kibaki kushoto, waliokuwa jirani wabaki jirani. Mchoro unaotii sharti hilo huenda ukatoka mpana zaidi, pengine na makutano kadhaa ambayo mchoro mpya kabisa ungeyaepuka, na mafundi hawa wanakubali kuyaacha.